Jumamosi moja Dar: Kigamboni kwa pantoni, kwa daraja, au Kunduchi?

Sangara_Mkavu
Wakuu, nakuja Dar kwa semina kutoka Mwanza, Jumamosi nzima ni yangu. Kariakoo nimeichoka, Coco Beach napelekwa kila safari. Nataka upande ambao hata wenyeji hawaendi kutembea. Kigamboni au Kunduchi? Na kama ni Kigamboni, nipite Feri au darajani? Niko na mwanangu wa miaka tisa.

BintiMjimwema
Karibu kaka. Mimi wa huku, kwa hiyo navutia kwetu. Pita Feri. Nauli ni shilingi 200. Mnasubiri bandani, geti likifunguliwa mnamwagika wote: mwenye baiskeli ya mikate, mama na ndoo ya samaki, bajaji zinapiga honi nyuma. Ule mlango wa chuma ukilalia zege ng'ambo, kishindo unakisikia kwenye nyayo. Mwanao hatakisahau. Ukishuka tu unaona Chuo cha Mwalimu Nyerere, ndicho kile Chuo cha Kivukoni cha 1961 kilichopika makada wa TANU.

Mzee wa Kurasini
Binti, mwambie na foleni basi! Daraja la Nyerere lipo tangu Aprili 2016, mita 680, unalipia unapita. Zamani mwenye gari akikwepa pantoni alizungukia Kongowe, siku imekwisha. Ninyi mnapenda shida.

Popo_Tegeta
Wote mmeisahau Kunduchi. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, na nguzo hizo zilipachikwa mabakuli ya Kichina. Mengine yamebaki mashimo tu. Nilimpeleka mpwa wangu, akatia kidole kwenye shimo akauliza, "Anko, nani kachukua bakuli?" Nikakosa la kumjibu. Shuka Mtongani, chukua bajaji. Ila niseme kweli, magofu yenyewe nusu saa umemaliza, labda uteremke ufukweni kwa wavuvi.

BintiMjimwema
Makaburi ya kale hata sisi tunayo, Mbwamaji, kule Gezaulole. Jina la Gezaulole maana yake "jaribu uone"; kilikuwa kijiji cha Ujamaa. Ukifika uliza watu wazima. Mimi mara ya kwanza dereva wa bodaboda alinishusha kwenye hoteli ya ufukweni, eti msichana kama mimi atafuata nini makaburini. Na nauli akachukua yote.

Mzee wa Kurasini
Hapo umenena, Mbwamaji ni mji mkongwe. Kunduchi kuna cha kuona zaidi kwa macho, lakini safari yenyewe ya Kigamboni ni nusu ya utamu, hilo nakubali. Ila jioni asirudi na mtoto kwa pantoni. Jumamosi pale watu wanabanana mpaka mtoto anapotea kwenye mapaja. Arudi darajani.

Sangara_Mkavu
Shikamoo mzee, nimekusikia. Kwenda pantoni, kurudi daraja. Kunduchi safari ijayo, Popo usinune. Dada, kutoka Feri mpaka Mbwamaji nakodi bajaji moja kwa moja?

BintiMjimwema
Usikodi pale Feri, watakuona mgeni. Panda daladala mpaka Mjimwema, kuleni kwanza, ndipo mchukue bajaji. Patana bei kabla hajawasha. Na mtoto avae suruali ndefu, makaburini kuna nyasi.

Popo_Tegeta
Nimenuna.