Wauza vitunguu vya dafodili hapa Dodoma, acheni kuwaibia watu halafu lawama mnawatupia vijana wa bustani

Wakuu, salaam. Nimeshindwa kukaa kimya.

Kazi yangu ni bustani. Nazitengeneza na kuzitunza hapa Dodoma mjini: Ilazo, Kisasa, Nzuguni, mpaka kule Iyumbu kwenye nyumba mpya. Tangu serikali ihamie huku nyumba zinaongezeka kila siku, na kila mwenye nyumba anataka maua getini. Ni riziki yetu, sikatai. Ila kuna wauza miche wameibuka na vitunguu vya dafodili na tulipu kutoka Uholanzi, yaani maua ya kizungu yanayoota kwenye kitunguu, si vitunguu vya kula. Mteja anaonyeshwa picha ya ua la njano kwenye simu, anatoa hela, biashara imeisha. Kitunguu kimoja elfu tano! Mama wa watu anachukua dazeni kadhaa, anamkabidhi kijana wake apande, wanaanza kusubiri.

Kinachotoka ni majani tu.

Juzi niliitwa Ilazo kwenye kesi ya namna hiyo. Nikakuta majani yamelala chini, ncha zimeungua na jua. Nikang'oa kitunguu kimoja nikakipasua kwa kisu. Ua lilikuwemo katikati ya yale maganda meupe, dogo, limekauka na kuwa kahawia. Kwa chini kitunguu kilishaoza na kinanuka, maana muuzaji alipopigiwa simu alijibu, "Ongeza maji mama, na mbolea kidogo." Wakati huo kijana alishakatwa mshahara kwa kosa la "kuua maua". Kijana wa watu katoka Kongwa kutafuta maisha, anamwagilia asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa, halafu anakatwa hela yake kwa sababu ya uongo wa mtu mwingine. Hili ndilo lililonichoma.

Tuambizane ukweli ambao wauzaji wanaujua vizuri sana. Dafodili ni ua la nchi zenye majira ya baridi kali. Ua linakuwa limeshajiunda ndani ya kitunguu kabla hujakinunua, lakini ili lipande juu na kufunguka, kitunguu kinatakiwa kipate baridi ya nyuzi 2 mpaka 9 hivi kwa wiki 12 hadi 16. Tulipu ni vilevile. Sasa niambieni, hapa tunaipata wapi baridi hiyo? Mwezi wa saba upepo unavuma hadi watu wanavaa makoti, na bado usiku unaishia kwenye nyuzi 13 au 14. Wao wanauza Oktoba na Novemba, wakati wa joto kali kuliko miezi yote! Maji hayatibu hilo, wala samadi.

Njia ipo, ila hawaisemi kwa sababu itapunguza wateja. Unaweka vitunguu kwenye friji muda wote huo, mbali na ndizi, maembe na matunda mengine yanayoiva, maana gesi yake inaua ua ndani kwa ndani. Kisha unapanda mwezi wa sita kuelekea wa saba, kwenye kivuli, udongo usiotuamisha maji. Na mwakani unaanza upya. Ukimwambia mtu hivyo mapema, akaamua mwenyewe kununua, nani atalalamika? Hata zile dafodili nyeupe ndogo zinazotoa maua kwa vishada hazihitaji baridi hiyo. Wangeweza kuleta hizo. Hawaleti, picha inayouza ni ya njano.

Kuna jambo zito zaidi. Dafodili ina sumu, na nyingi iko kwenye kitunguu chenyewe. Kwa macho ni kitunguu maji kabisa. Uingereza mwaka 2009 watoto wa shule ya msingi waliugua baada ya kitunguu cha dafodili kuingia kwenye supu ya somo la mapishi. Huku kwetu vinauzwa vya kupima, kwenye mfuko wa kaki, bila neno lolote la onyo. Mfuko unawekwa jikoni, dada wa kazi anajuaje?

Kinachoniuma kama mtu wa maua ni kwamba tunayo maua yanayokubali hapahapa. Yale mekundu ya mviringo yanayochomoza porini mvua za kwanza zikinyesha, nayo yanatokana na kitunguu. Amarilisi nyekundu, gladiola, na yale madogo ya pinki yanayofunguka siku chache baada ya mvua. Hizi zinalala kwa ukame, hazidai baridi, na ukame Dodoma tunao kuanzia mwezi wa tano mpaka Novemba. Unaziacha kavu ardhini, Desemba ikifika zinaamka zenyewe. Majirani wanagawiana bure!

Kwa hiyo wauzaji, mnaosoma humu nawajua mpo: rudisheni hela za watu, na kila mfuko uandikwe wazi kwamba kitunguu kinahitaji baridi na kina sumu. Na mabosi, mliowakata vijana mishahara kwa ajili ya dafodili, walipeni.

Aliyeuziwa aweke picha ya alichopewa, pamoja na mtaa alikonunulia. Pakiti za kiwandani huja na maelezo ya kupanda. Nataka tuone ni wangapi walikabidhiwa hiyo pakiti.