Tupeane uzoefu: programa inaonekana, chipu haionekani

mzalia_ngambo: Assalaam alaykum wadau. Taa ya programa (kifaa cha kuandikia programu ndani ya chipu) inawaka, kompyuta imeiona, chipu kimya. Tuzungumzie ATmega328P, mikrokontrola (chipu ya kompyuta ndogo) ya miguu 28, ndiyo iliyojaa mezani kwetu. Mnaanza kupima wapi? "Badilisha chipu" si jibu. Ya pili mpaka ivuke na boti kutoka Dar.

waya_mwembamba: Wa alaykum salaam. Anza na saini, ile namba ya utambulisho ambayo chipu huitaja programa ikiiuliza. Chipu nzima hujibu 1E950F. Ikija 000000 au FFFFFF, laini ya MISO (data inayotoka kwenye chipu) haileti kitu: waya umekatika, chipu haina umeme, au haijakubali kuingia kwenye hali ya kuandikwa. Ikija 1E9514 usiitupe, hiyo ni ATmega328 isiyo na P; badilisha jina la chipu kwenye avrdude (programu ya kompyuta inayoiendesha programa), basi.

Kisha mita. Ncha iguse mguu wenyewe wa chipu, si tundu la bredibodi (ubao wa majaribio wenye matundu), maana tundu lililolegea linadanganya. Mguu wa 7 na wa 20 isomeke volti 5, wa 8 na wa 22 ni graundi. Wa 20 ndio unaosahauliwa kila siku. Kapasita ya nF 100 ikae kati ya 7 na 8, miguu yake mifupi.

kibanda_mkwerekwe: Na waya, jamani. RESET (ya kuwasha chipu upya) mguu wa 1, MOSI (data inayoingia kwenye chipu) 17, MISO 18, SCK (mapigo ya mwendo) 19. Hapa hazipishanishwi kama TX na RX (laini za kutuma na kupokea): MOSI kwa MOSI, MISO kwa MISO. Kwenye USBasp (aina ya programa ya USB) ya pini 10: 1 MOSI, 2 umeme, 5 RESET, 7 SCK, 9 MISO, 10 graundi. Ule mstari mwekundu wa utepe ndio upande wa pini 1. Ukiuchomeka kinyume, hesabu yote imegeuka.

mzalia_ngambo: Na kama waya zote sawa, umeme upo?

waya_mwembamba: Basi mwendo. Chipu mpya hutoka kiwandani ikitumia saa yake ya ndani ya MHz 8 iliyogawanywa kwa 8, yaani MHz 1. SCK lazima iwe chini ya robo ya hapo, kHz 250. USBasp kwa kawaida hukimbia kHz 375, chipu haiwahi hata neno moja. Ongeza -B 10 kwenye amri ya avrdude, itashuka karibu kHz 94. Programa nyingi za bei rahisi zina programu ya zamani ndani, hazisikii amri hiyo. Hizo ziunganishe JP3, pini za kupunguza mwendo kwenye bodi ya programa.

Chipu iliyotoka kwenye bodi nyingine ina lake: fyuzi zake (si za umeme hizi, ni mipangilio ya ndani) zinaweza kuwa zinangoja kristali. Ipe ya MHz 16 kwenye miguu ya 9 na 10, kila mmoja na pF 22 kwenda graundi. Ila kama aliyeigusa kabla yako alizima RESET kwa fyuzi, njia hii haifunguki tena. Inataka programa ya volti 12.

fundi_chake: Huku Pemba mchawi ni chumvi. Tazama soketi yenye mkono (wenzo wa kubana chipu) kwa kioo cha kukuzia: meno yakiwa meusi, au unga wa kijani umejikusanya penye risasi ya kulehemu, hapo ndipo. Pima kutoka mguu wa chipu mpaka pini ya chini ya bodi. Ikizidi om 1, safisha. Spiriti ya isopropili na mswaki laini, kisha fungua na kufunga mkono mara ishirini hivi, meno yajikwangue yenyewe. Msasa hapana! Unaondoa ile ngozi ya juu, na baada ya masika moja meno yameoza kabisa.

kibanda_mkwerekwe: Wanaotumia bodi ya Arduino Uno kama programa: kapasita ya µF 10 kati ya RESET na GND ya hiyo Uno, mguu mrefu kwenye RESET. Bila hiyo, kila kompyuta ikifungua mlango Uno inajiwasha upya, na anayeitika ni butiloda (programu ndogo ya kuanzia ndani ya Uno) kwa mwendo wa 115200 wakati avrdude inasema kwa 19200. Iweke baada ya kupakia ArduinoISP (programu inayoigeuza Uno kuwa programa), si kabla, la sivyo hiyo ArduinoISP yenyewe haipandi.

mzalia_ngambo: Ilikuwa -B 10. Saini imetoka, 1E950F.