Klabu haimlipi mdogo wangu, je, avunje mkataba?

Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu anacheza soka la kulipwa nje ya nchi. Klabu haijamlipa mishahara ya miezi mitatu. Alipodai wakamtoa kikosini, anafanya mazoezi peke yake, na wamemletea karatasi asaini apunguziwe mshahara. Timu nyingine inamtaka, naye anataka kubeba begi aondoke wiki hii. Yuko sawa?

Winga Teleza: Aondoke tu mkuu. Mkataba si ndoa ya kanisani.

Beki Mstaafu: Winga, unampoteza mwenzako. Akiondoka kienyeji, kesi inageuka, yeye ndiye anakuwa mvunja mkataba. Kanuni za FIFA, kifungu cha 14bis, zinasema klabu isipolipa angalau mishahara ya miezi miwili, mchezaji ana sababu halali ya kuvunja. LAKINI kwanza aidai kwa maandishi na kuipa siku zisizopungua 15. Zikipita hajalipwa chote, ndipo anaandika barua ya kuvunja. Akiruka hatua hiyo anaweza kudaiwa fidia, na akiwa bado kwenye kipindi cha ulinzi (miaka 3 ya mwanzo kwa aliyesaini kabla ya kutimiza 28) anafungiwa kucheza miezi 4.

Mfano ni kiungo Mfaransa Lassana Diarra: alikorofishana na klabu yake ya Urusi, Lokomotiv Moscow, mwaka 2014, ikaonekana yeye ndiye kavunja mkataba, akaamriwa kuilipa euro milioni 10.5. Uamuzi wa mahakama ya Umoja wa Ulaya uliomwunga mkono ulitoka Oktoba 2024, alishatundika daluga zamani! Nani ana muda huo?

Ile karatasi asiiguse. Kumtenga ili akubali kupunguziwa mshahara ni manyanyaso, na kifungu cha 14 kinayahesabu kama sababu halali ya kuvunja mkataba.

Mleta uzi: Shukrani mkuu. Anasema aliwadai kwa WhatsApp, haitoshi? Na wakala anadai atamalizana nao kwa mdomo.

Beki Mstaafu: Ujumbe autunze, ila barua iwe rasmi: miezi anayodai, kiasi, akaunti, tarehe ya mwisho. Aitume kwenye barua pepe ya klabu iliyo kwenye mkataba. Mazoezini aende kila siku hata akiwa peke yake, wasije wakamgeuzia kibao cha utoro. Huyo wakala kamisheni yake iko kwenye uhamisho, haraka ni yake.

Mama Kesi: Kwa kuwa ni mgeni huko, anaweza kupeleka shauri FIFA, kwenye chumba cha kutatua migogoro. Mchezaji halipi ada, ila asizidishe miaka 2 tangu tukio. Kipengele cha migogoro kwenye mkataba kinasemaje?

Mleta uzi: Kinataja kamati ya shirikisho la huko.

Mama Kesi: Klabu itajaribu kukitumia kuikwepa FIFA. Itabidi ithibitishe kamati hiyo ni huru na wachezaji wana uwakilishi sawa na klabu, na klabu nyingi hukwama hapo. Atafute chama cha wachezaji cha huko wamsaidie. Hilo ni la baadaye lakini, barua itoke leo.

Mleta uzi: Naandika naye sasa hivi, nitaileta hapa muipitie kabla hajaituma.