Soko la pamoja la EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) lipo, mbona kibali cha kazi bado?

Mhasibu_Arusha: Wakuu habari zenu. Nimepata ofa ya kazi Nairobi, nina CPA (cheti cha uhasibu) ya bongo. Si tuliambiwa Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza tangu Julai 2010 na wafanyakazi wanatembea huru? Sasa jamaa wa ofisini kule ananiambia niombe kibali, imekaaje hii?

Mzee_wa_Namanga: Mkuu kibali lazima, itifaki haijakifuta. Kila nchi iliorodhesha yenyewe kazi ilizofungua, halafu ajira za serikali hazimo kabisa mpaka sheria za nchi husika ziruhusu. Afadhali wewe mhasibu, bodi zenu zina makubaliano ya kutambuana kama wahandisi na wasanifu majengo, ila kutambuliwa cheti sio kibali, usichanganye.

dada_wa_kampala: Kenya, Uganda na Rwanda walishafuta ada ya kibali kati yao, Mtanzania ndo alikuwa anabaki analipa kwa sababu na sisi Watanzania tulikuwa tunawalipisha wao, tena Tanzania tuna sheria yetu ya 2015 ya kuajiri wageni, mwajiri aonyeshe kwanza amekosa mtu wa hapa na pia awe na mpango wa kurithisha kazi kwa mzawa. Sasa mtalalamika nini jamani 😂

Mhasibu_Arusha: Duh. Na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii)?

Mzee_wa_Namanga: Utaanza upya huko, ya huku inabaki huku. Mwambie mwajiri ashughulikie kibali kabla hujahama.