Mashine ya petroli ya kukata majani kwenye stoo ya babu, Wete: ni ya zama gani?

KijanaWaWete

Assalam aleykum wakubwa. Tumefungua stoo ya marehemu babu hapa Wete, Pemba. Nyuma ya magunia ya karafuu na majamvi yaliyoliwa na mchwa tumekuta mashine ya kukata majani ya petroli. Si hizi za kubeba begani zenye uzi wa nailoni. Hii unaisukuma kwa mipini, mbele ina visu vilivyopindishwa vinavyozunguka pamoja, nyuma ina roli la chuma, na juu imekaa injini ndogo yenye mapezi ya kupozea. Kuna mnyororo ubavuni. Rangi ya kijani imebaki vipande vipande. Kwenye mwili pameandikwa ATCO, na kwenye gurudumu la injini VILLIERS. Upana wa visu nimeupima kwa rula ya skuli, inchi 14. Tunainyanyua watu wawili bila taabu.

Babu alitunza bustani za maafisa wa Kizungu kabla ya Mapinduzi, kwa hiyo tunahisi aliachiwa na mmoja wao. Ami yangu anataka iende kwenye mizani ya chuma chakavu. Nauliza: ni kitu cha zama gani hiki, na kinafaa kufufuliwa?

ChumaMali

Ami yako ana akili. Chuma kizito kile, kina bei. Bustani gani Wete hapo utakayokata kwa roli? Uza, nunua ya begani.

FundiVespa_Kikwajuni

Waaleykum salaam mwanangu. Huyo wa mizani msikilize ukishanisikiliza mimi.

Kazi yangu ni Vespa tangu ujana, na fundi wa Vespa akiona jina la Villiers roho humtulia, maana ni ukoo mmoja: injini ya kuchanganya oili kwenye petroli. Villiers walikuwa Wolverhampton, Uingereza, wakitengeneza injini ndogo na kuwauzia watu wa pikipiki, wa pampu, na wa mashine kama hiyo yako.

Sasa historia, kwa sababu umeuliza zama. Visu vya kuzunguka namna hiyo ni vya zamani kuliko petroli yenyewe. Edwin Budding, fundi wa Gloucestershire, alipata hataza yake mwaka 1830. Aliitoa akili kwenye mashine za kiwanda cha vitambaa vya sufu, zile za kunyoa manyoya yanayochomoza juu ya kitambaa. Mashine kubwa za aina hiyo zikaja kuvutwa na farasi, na farasi akivishwa viatu vya ngozi ili kwato zisichimbe bustani. Hebu jaribu kumvisha punda wa hapa kiatu uone.

Petroli ilikuja kwa biashara mwaka 1902, kampuni ya Ransomes ya Ipswich. Lile lilikuwa dude la kukaliwa juu, la viwanja vikubwa na majumba ya matajiri. Mtu wa kawaida hakuwa na pa kuligeuzia, achilia mbali pesa. Aliyeishusha petroli hadi mikononi mwa mwenda kwa miguu kwa wingi ni Charles H. Pugh wa Birmingham, na hapo ndipo jina la ubavuni mwa mashine yako linapoingia. ATCO ni kifupi cha Atlas Chain Company, watu wa minyororo. Mwaka 1921 walitoa mashine ya inchi 22 yenye injini ya Villiers. Ikauzika, wakaanza kupunguza: miaka ya 1930 walishafika inchi 12, kwa mwenye nyumba ndogo ambaye hana mtunza bustani. Na walikuwa na jambo moja ninalolihusudu mpaka leo: matawi yao ya huduma yalitapakaa nchi nzima. Majira ya baridi majani hayaoti kule, basi mashine inachukuliwa, inafunguliwa, visu vinanolewa, inarudishwa kabla msimu haujaanza. Ndiyo maana nyingi bado zipo.

Wepesi wa mashine yako umetoka pawili. Kwanza, inakata kama mkasi: kisu kinachozunguka kinabana jani juu ya kisu kilicholala chini. Mkasi hauhitaji nguvu nyingi, kwa hiyo injini ya sisi (cc) mia hivi, au pungufu, inatosha. Pili, injini ya kuchanganya oili haina vali, haina kemshafti, haina bakuli la oili chini. Vyuma vimepungua, uzito umepungua.

Halafu wakaja Waaustralia. Mwaka 1952, Mervyn Victor Richardson wa Sydney alichukua injini ya Villiers hiyo hiyo akailaza, akafunga kisu bapa chini kinachozunguka kama feni, na tangi la mafuta akatumia kopo tupu la matunda ya pichi. Ndiyo Victa. Hainyoi kama mkasi, inapiga jani kwa kasi, na majani marefu yanayoishinda yako yeye anayafyeka. Mwaka uliofuata Briggs & Stratton wa Marekani wakatoa injini ya alumini badala ya chuma cha kusubu, na hapo mambo ya uzito yakageuka kabisa. Miaka ya 1960 Msweden Karl Dahlman akaondoa hata magurudumu, mashine ikaelea juu ya upepo wake wenyewe, Flymo. Ya mwisho hiyo mimi siitamani, lakini akili ya mtu niiheshimu.

Zama za ile yako utazijua hivi: tafuta nambari iliyogongwa kwenye injini, ina herufi mbele yake. Herufi hizo ndizo zinazotaja aina ya injini. Safisha kwa brashi ya waya laini, piga picha, iweke hapa.

BiSalma_Makunduchi

Kaka Fundi umeeleza vizuri, ila umekaa sana kwenye injini. Mimi naulizia ardhi. Baba alikuwa na ile ya kusukuma kwa mkono, isiyo na injini, visu ni vile vile. Huku kwetu Makunduchi jiwe limo kila unapokanyaga. Kipande cha jiwe la ukubwa wa punje ya hindi kikiingia kati ya visu, kile cha chini kinapata pengo, na kuanzia siku hiyo inaacha mstari wa majani usiokatwa kila ukipita. Baba alikuwa anatutanguliza watoto tuokote mawe kwanza. Wete mna udongo, mna bahati.

Na jingine: mashine hiyo ni ya ukoka, na ukoka uliokwisha zoea kukatwa. Ukiuacha masika yote ukafika magotini, roli la mbele linaulaza, visu vinapita juu. Hapo utaanza na panga, ndiyo uje na mashine.

FundiVespa_Kikwajuni

Bi Salma kasema kweli tupu. Ya begani inashinda kwenye mawe na vichaka, na ndiyo sababu Unguja nzima inanguruma asubuhi. Lakini ukoka uliokatwa kwa visu vya mkasi una uso mwingine kabisa, na ng'ombe hauhitaji kuwatafutia majani siku hiyo, yanaingia yenyewe kwenye boksi la mbele.

KijanaWaWete

Shikamoo mzee, shikamoo Bi Salma. Nambari nimeiona, herufi tatu na tarakimu, picha naiweka usiku umeme ukirudi. Ukoka upo mbele ya nyumba, babu aliupanda mwenyewe. Injini inazunguka kwa mkono, haijakwama. Plagi nimeigusisha kwenye bloku, haitoi cheche. Nifungue wapi?

FundiVespa_Kikwajuni

Marahaba. Haijakwama, alhamdulillahi, kazi kubwa imeshapita.

Cheche imo nyuma ya lile gurudumu lenye jina. Ndani yake mna sumaku, koili, kondensa na pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Nati ya katikati ina mtindo kama wa Vespa: ukiilegeza kwa spana na kuipiga nyundo ya ghafla italegea, kisha itakaza tena. Usiseme imekataa. Pale inapokaza mara ya pili ndipo inalivuta gurudumu litoke. Piga tena spana, litatoka lenyewe. Usigonge ukingo wa gurudumu kwa nyundo, na likishatoka ligusishe na kipande cha chuma ndani, sumaku za zamani zinachoka zikiachwa wazi.

Pointi kwa hewa ya bahari ya Wete zitakuwa zimeota ukungu wa kijani. Zisugue kwa msasa laini kabisa, futa kwa petroli, weka uwazi wa milimita 0.4 zinapofunguka. Mara nyingi cheche inarudi hapo hapo. Isiporudi, mshukiwa ni kondensa, kisha koili.

Petroli: mimina mpya. Mafundi wa zamani walichanganya oili moja kwa petroli kumi na sita, wakati oili yenyewe ilikuwa dhaifu. Anza hivyo hivyo, itoe moshi, majirani wavumilie. Tangi lisuuze kwanza, na kabureta ifungue, kitundu chake kidogo kitakuwa kimezibwa na masalia.

Visu usipeleke kwa mtu wa kunoa mapanga, ataviharibu. Paka ile dawa ya kusagia vali, zungusha visu kinyumenyume kwa mkono mpaka ving'are, safisha, kisha kaza skrubu za pembeni kidogo kidogo. Jaribu kwa karatasi ya daftari: ikikatwa safi upande wote, acha. Ukikaza zaidi injini itakuwa inahangaika na chuma badala ya majani.

Koili ikiwa imekufa, usibebe mashine nzima kwenye meli. Fungua koili peke yake, ifunge kwenye gazeti, nitumie Kikwajuni. Waya wa kuizungushia ninao.

ChumaMali

Ami akibadili nia mimi nipo Chake, mizani ninayo.

KijanaWaWete

Ami ameshapewa brashi ya waya. Yuko kwenye roli sasa hivi.