Doric Star, meli ya nyama iliyozamishwa 1939: ubaridi wake ulitunzwaje?

Mdau wa Igogo
Wakuu, habari za jioni. Huku Mwanza minofu ya sangara tunaigandisha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, umeme ukikatika tu ni hekaheka. Sasa hii Doric Star ya Blue Star Line ilitoka Australia na New Zealand na shehena ya nyama, siagi na jibini kwenda Uingereza. Safari ndefu hivyo, na ikweta ya kuvuka, nyama haikuyeyukaje? Na kwa nini inatajwa kuliko nyingine zilizozamishwa?

Fundi Majokofu
Mkuu, tazama kuta kwanza. Ngama (vyumba vya shehena) za meli za aina hiyo zilifunikwa ndani kwa tabaka nene la koki, yaani gome la mti lizuialo joto, na shehena iliyokwisha kuganda hujitunza yenyewe. Kompresa hupoza maji ya chumvi ya kalisi kloraidi, kisha pampu huyazungusha mabombani ukutani na darini. Chumvi ikipungua, maji huganda na kupasua bomba, kwa hiyo pima kwa haidrometa (kipimo cha uzito wa maji ya chumvi) mara kwa mara.

Ndani ya kompresa, meli nyingi za Uingereza zilitumia hewa ya ukaa, maana amonia ikivuja inaua watu. Kasoro yake ni joto: ikipita nyuzi 31 haigeuki kimiminika hata uishindilie vipi. Bahari ya tropiki yenye nyuzi 28 huielemea kondensa, yaani sehemu ambapo hewa hiyo hupozwa kwa maji ya bahari igeuke kimiminika. Maji ya ziwa letu yangeipa nafuu.

Baharia wa Kirumba
Inatajwa kwa sababu ya redio. Tarehe 2 Desemba 1939, Atlantiki Kusini, iliposhambuliwa na manowari ya Kijerumani Admiral Graf Spee, ilirusha RRR (ishara ya kushambuliwa na meli ya kivita) na kutaja mahali ilipo. Kesho yake Tairoa, meli nyingine ya mizigo, nayo ikaita. Komodoo Harwood wa Uingereza akapiga hesabu kwa mwendo wa maili 15 za baharini kwa saa: adui angefika River Plate (mlango wa mto kati ya Argentina na Uruguay) kati ya jioni ya tarehe 12 na alfajiri ya 13. Akazikusanya meli zake za kivita Exeter, Ajax na Achilles, na asubuhi ya 13 Graf Spee ikatokea kweli! Tarehe 17 Wajerumani wakaizamisha Graf Spee wenyewe nje ya Montevideo, Uruguay. Kwenye Doric Star hakufa mtu. Mateka wengi walihamishiwa Altmark, meli ya Kijerumani ya kuihudumia Graf Spee, wakakombolewa Norway tarehe 16 Februari 1940.

Mdau wa Igogo
Ahsanteni sana. Na kompresa ikizima je?

Fundi Majokofu
Usifungue mlango, hata wa kuchungulia. Umeme ukirudi, toboa mnofu mmoja na uchomeke kipimajoto katikati yake. Joto la hewa ya chumba hushuka upesi likakudanganya.