Mtu mzima anamwaga andazi juu ya mfalme wangu wa sataranji, halafu "umegusa, cheza"!

Wakuu, nimeingia Tabata sasa hivi kutoka mashindanoni, hata viatu sijavua. Jina simtaji, mnamjua wote: yule wa miwani ya jua ndani ya ukumbi.

Mzunguko wa kwanza wa sataranji orodha ya wachezaji kwa pointi hukatwa katikati, wa juu wanapewa wa chini. Nikaangukia kwake. Ananizidi pointi zaidi ya 400. Kwa hesabu za Elo, zile za kupima ubora wa wachezaji, mtu kama mimi naokota kama alama 9 kwenye kila michezo 100. Sawa. Sikwenda kushinda, nilikwenda kufungwa kwa heshima.

Jamaa hakai! Anasogeza farasi amesimama, anagonga saa, huyo kwenye chai. Hatua ya 8 karudi na andazi. Lile nene la iliki, linang'aa mafuta. Kainama kusukuma askari, kagonga saa, makombo hayo, puu! kichwani kwa mfalme wangu. Mfalme kavaa kilemba. Nikampangusa kwa kidole.

"Umegusa, cheza." Mdomo umejaa!

Mwamuzi kaja: nimegusa mfalme, nicheze huyo huyo. Mfalme katoka barabarani kabla sijamficha nyuma ya ngome, na kombo lake kichwani. Hatua ya 17 nikazikwa. Andazi, wakuu. ANDAZI.

Mzee wa Buza: Ungesema "narekebisha" kwanza ndipo uguse. Kwani ungeshinda?

Mleta uzi: Nani kasema ningeshinda? Nasema makombo!

Kete Nyeusi: Pole mkuu. Kumkera mpinzani nako ni kosa, ungemwita mwamuzi kabla ya kidole. Ila 17 umejitahidi, mimi alinimaliza kwa 14 na wala hakuwa anakula.

Mzee wa Buza: Afadhali nyie mna mwamuzi. Huku kijiweni kwenye drafti kuna mmoja akizidiwa anakohoa, akimaliza kukohoa kete zimehama.

Kete Nyeusi: Wa baiskeli nyekundu?

Mzee wa Buza: Huyo huyo. Ana pampu yangu tangu Ramadhani.

Binti Tandika: Kumbe bado yupo mjini! Mimi ananiita shemeji, ila hela yangu ya vitenge hataki kuisikia.

Mleta uzi: Jamani, mfalme wangu.

Binti Tandika: Nisamehe kaka. Hilo andazi ni la yule mama wa nje ya ukumbi? Bado anauza?

Mleta uzi: Anauza. Nilinunua mawili wakati natoka.